Haiko Juu ya Chai

Mimi naitwa Adeline, nakaanga mandazi kwenye kona ya avenue yetu hapa Ngezi, mjini Bunia, na kama kuna mtu anataka kuniambia kwamba mimi ni mtu mbaya, aje tu, achukue kiti, tutasaidiana. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Régine, jirani yangu. Kati ya kiwanja chake na changu kulikuwa na ua wa matete tu, na ua wa matete haufichi kitu. Akikohoa nasikia. Nikigombana na sufuria zangu anasikia.

Régine alikuwa mtu wa vijiji vya huko Iga Barrière. Alifika Bunia wakati wa vita, sufuria kichwani, binti yake Annie wa miaka minane amemshika mkono. Mume wake alibaki njiani. Mtu wa Ituri akikuambia "alibaki njiani", humwulizi tena. Kaka yake Constant naye, hivyo hivyo. Mashemeji walivuka ziwa wakaingia Uganda, na mpaka leo hawajarudi. Basi akapanga kile chumba cha jirani, akapata cherehani ya zamani, akaanza kushona uniforme za shule. Mwaka huu ninaosimulia, amani ilikuwepo, kama tunavyoiita amani siye: magari meupe ya UN yanapita, soko limejaa, na kila nyumba ina kibegi cha kukimbia nacho nyuma ya mlango. Cha kwangu kilikuwepo. Cha Régine kilikuwa cheusi, na zipu yake imekufa.

Siku moja tulikuwa kwenye dot, kutoa mahari, ya binti wa jirani, tunamenya viazi nyuma ya nyumba. Mnajua kwetu dot inavyokuwa. Watu wa bwana wanakaa upande huu, watu wa bibi wanakaa upande ule, uso kwa uso, na kabla neno halijasemwa kila mtu ameshahesabu viti. Bibi mwenye watu wengi nyuma yake, wakwe wanamheshimu. Asiye na watu, hata akipigwa kesho, nani atapanda moto, hii pikipiki, kwenda kuuliza? Upande wa bibi siku ile walikuwa watu kama arobaini, wanacheka, wanabishana juu ya mbuzi. Régine akaacha kisu. Akanitazama.

"Adeline, siku watatoa dot ya Annie, nani ataikala ku viti yangu?"

Mimi na mdomo wangu huu nikacheka. "Weye naye! Siye tuko!"

Akarudia maneno yale polepole: "Siye tuko." Halafu akaendelea kumenya. Mimi nililisahau neno lile kabla viazi havijaiva. Yeye hakulisahau.

Mwaka uliofuata ndipo akaja Élise. Mwanamke msafi, kikwembe kimepigwa pasi mpaka kinakata, simu kubwa yenye picha za watu wamesimama karibu na magari. Alikuwa anauza chai ya afya ya kampuni moja ambayo mdomo wangu umekataa kutaja jina lake. Lakini alikuwa hauzi chai tu. Alikuwa anatafuta watu wa kuuza chai chini yake, na hao watafute wengine chini yao, hivyo hivyo mpaka mwisho wa dunia. Jumamosi walikusanyika kwenye salle, ukumbi mmoja wa kukodi, wakapiga makofi, wakaimba, wakaitana famille. Régine alirudi kutoka huko anang'aa, sijawahi kumwona vile. Akapita kwenye ua kwa haraka kama msichana.

"Adeline! Niko na marraine!"

Sasa sikilizeni, maana shida yote imelala kwenye neno hili. Kwetu marraine si mchezo. Ni yule aliyekushika kwenye ubatizo. Ni yule anayesimama nyuma yako siku ya ndoa, na ukigombana na mume unalala kwake, na ukifa anakuja mbele ya wote. Kwenye chai ile, marraine ni mtu aliyekuingiza tu, ambaye ukinunua anapata sehemu yake. Basi. Nilimwambia Régine, nikamwambia kwa ukali, maana mimi sijui kuongea kwa upole: "Ile si marraine, ni neno tu wameiba kanisani!" Akanijibu, "Alinikumbatia mbele ya watu, Adeline. Akasema siye ni famille." Mtu aliyekaa miaka kumi na mbili bila kukumbatiwa na mtu, unamwambia nini?

Kazi ya kwanza waliyompa ilikuwa kuandika liste ya majina mia moja. Watu wote unaowajua, walisema. Ndugu, marafiki, majirani, mia moja, usiruke hata mmoja. Akanunua daftari la shule lenye jalada la bluu, akakaa mlangoni na kalamu. Mimi nilikuwa nakanda unga, namwona. Aliandika haraka mpaka thelathini hivi. Halafu kalamu ikasimama. Akaandika. Akatazama alichoandika. Baadaye alinionyesha, jina la thelathini na mbili lilikuwa Constant.

"Nimeandika kaka yangu," akasema, "kisha nikakumbuka."

Hakumfuta. Aliendelea, na baada ya Constant akaandika wengine wa huko kwao, wa shule ya zamani, wa kwaya ya kijijini, na wengi wao walikuwa wamekwenda na ile njia. Liste ya watu wengine ilikuwa liste ya wateja. Ya Régine ilikuwa nusu kilio. Na ile kampuni, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye shangazi kumi na binamu hamsini, ingempa nini mwanamke ambaye watu wake wako ardhini?

Kwa hiyo tulibaki siye, wale thelathini wa juu. Tulinunua mara ya kwanza kwa huruma. Pakiti moja ya chai ile ilikuwa inakula faida yangu ya siku tatu, na chai yenyewe chungu, ina harufu ya dawa ya mbuzi. Nikamwambia, "Dada, hapa kila mtu anachuma citronelle, mchaichai, nyuma ya nyumba bure, nani atanunua hii mara ya pili?" Akaniambia formation, yale mafunzo yao, inafundisha kwamba mtu akisema hapana bado hajaelewa. Eh! Nilielewa sana. Akawa hawezi tena kunisalimia bila kuniuliza habari za miguu yangu, na miguu ikiuma, chai ipo. Kwenye kikundi cha mama wa kanisa akatoa ushuhuda wa tumbo lake. Padri akakohoa. Na kila mwezi ilimbidi anunue mwenyewe maboksi ili abaki anahesabiwa kwenye kundi, hata kama ya mwezi uliopita yako chini ya kitanda. Yakajaa chini ya kitanda, yakapanda mpaka kwenye cherehani.

Alipata mtu mmoja tu wa kuingia chini yake, mjane kijana anaitwa Angèle, muuza nyanya. Na hapo Régine akawa marraine, marraine wa kweli, wa kanisani. Angèle alishindwa kuuza, akalia. Régine akayachukua yale maboksi yake yote, akamrudishia makuta yake, pesa yote, kutoka kwenye ushonaji. Mtoto wa Angèle akaugua; Régine akakaa naye hospitalini siku tatu, uniforme za watu zimelala bila mikono. Élise akamgombeza mbele yangu, pale pale mlangoni: "Mama, hii haiko travail. Kazi yako ni kumusukuma, haiko kumubeba." Naye Angèle, aibu ikamshinda. Mtu uliyembeba sana hawezi kukutazama usoni. Akahamia Komanda kwa dada yake, hakuaga.

Halafu likaja jambo la anniversaire, siku ya kuzaliwa. Régine alitualika wote, mama tisa wa avenue: njooni Jumapili, ni anniversaire ya Annie. Annie wakati ule alikuwa ameshakwenda Mongbwalu kufanya kazi kwenye restaurant, lakini tukasema mama anamkumbuka mtoto wake, twende. Nikabeba sukari. Mwingine sabuni, mwingine kuku mzima anapiga kelele. Tunaingia, tunamkuta Élise amesimama na ubao, na duara zimechorwa, moja juu, nyingi chini. Si anniversaire wala nini! Régine alikuwa amesimama kwenye kona, anatazama chini. Walimfundisha hivyo: usitaje chai, ukitaja chai hawatakuja. Ujue mimi sina dawa ya hasira. Nilichukua sukari yangu nikatoka, na mwenye kuku akatoka na kuku wake.

Kuanzia siku ile nikatunga neno. Tukiwa tumekaa kwenye kona, Régine akionekana kwa mbali, nilikuwa nasema, "Mvua!" Basi kila mtu anakusanya vitu vyake, huyu anaingia kwake, huyu anakumbuka sombe yake iko motoni, na Régine akifika anakuta mabenchi matupu na jua kali. Tulicheka sana. Ni mimi niliyetunga, sitamsingizia mwingine. Miezi saba hivi alitembea kwenye avenue ambayo inajifunga mbele yake mlango kwa mlango. Aliacha kuuza chai katikati ya miezi ile, hilo nilikuja kulijua baadaye. Hakuna aliyengoja kumsikiliza ili ajue kwamba ameacha. Jioni nilisikia cherehani yake tu, inakimbia, inasimama, inakimbia. Wakati mwingine nilisikia anazungumza, na hakuna mgeni.

Sasa Alhamisi moja, saa nne ya asubuhi, nina mafuta motoni, nasikia hodi.

"Hodi, Adeline."

Nikashuka nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, nimejikunja nyuma ya mfuko wa makaa. Mandazi yanalia kwenye mafuta, tsshhh. Mafuta hayakaangi peke yake, hilo hata mtoto anajua. Régine alisimama pale mlangoni, anayasikia.

"Adeline, niko najua uko ndani. Haiko juu ya chai."

Nikasema moyoni: hivyo ndivyo wanavyowafundisha. Usitaje chai. Anniversaire nayo haikuwa juu ya chai!

"Niko na neno moja tu," akasema. Akangoja. Nilihesabu mandazi yanayoungua, yalikuwa sita. Halafu nikasikia viatu vyake vinakwenda mlango wa pili, hodi, na wa tatu, hodi. Avenue nzima ilikuwa kimya kama siku ya kukimbia. Niliinuka nikatoa yale mandazi meusi, nikayatupa kwa kuku, nikajisifu.

Jumamosi asubuhi nikasikia viti. Viti vya plastiki vina sauti yake vikiteremshwa. Nikachungulia kwenye matete: viti thelathini, safu mbili zinatazamana, kitambaa cheupe kwenye meza, maua kwenye chupa. Nikasema, mama weee, sasa formation wameileta mpaka hapa kwetu! Nikafunga mlango wa kiwanja kwa kamba. Régine alikuwa amevaa kikwembe kipya, anapanga viti, anavipangua, anasogeza viwili, anavirudisha. Alipiga simu. Haikujibiwa. Akapiga tena. Baadaye simu ikalia mara moja, ya message, akaisoma, akaiweka kwenye meza kifudifudi. Ilikuwa ya Élise, nilikuja kujua: yuko Butembo kwenye formation kubwa, anasema félicitations, hongera, na picha ya maua.

Kwenye saa tano zikaja moto. Sita, saba, zinafuatana, na vumbi jekundu la barabara ya Mongbwalu limewajaa watu mpaka kwenye nyusi. Na nyuma, kwenye pickup, mbuzi. Mbuzi kumi na mmoja nilihesabu, mmoja ana utepe shingoni. Mikono yangu ikasimama kwenye unga. Formation haina mbuzi.

Hapo ndipo nikaelewa lile neno moja lilikuwa nini: dot ya Annie.

Waliingia watu kumi na tano wa upande wa bwana, mashangazi, wajomba, na kijana mwenyewe Fiston katika koti linalombana, wakajaza safu yao yote. Upande wa Régine alikaa Régine. Na karibu naye katekista wetu, muzee Sébastien, asiyesikia sikio la kushoto, aliyekubali kuwa msemaji. Halafu viti kumi na vitatu vyeupe, vitupu, jua linavipiga. Annie, kumbe alisharudi kutoka Mongbwalu, alikuwa ndani nyuma ya pazia, nikaona vidole vyake vimelishika.

Msemaji wa wakwe alikuwa muzee mmoja mrefu anaitwa Zacharie. Alisalimu vizuri, akasali vizuri. Halafu akatazama mbele yake.

"Mama," akasema, "tunaona viti. Hatuone batu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini shangazi mmoja wa Fiston alicheka kidogo, puani, na kicheko kile nilikisikia upande wangu wa ua kama nimepigwa kofi. Muzee Sébastien akauliza, "Anasema nini?"

Régine akainama, akatoa mkoba wake, akatoa daftari. Lile daftari la bluu. Nililijua. Akasimama, akalifungua.

"Batu yangu hii hapa," akasema.

Akaanza na waliokufa. Constant, kaka yangu, vita ilimuchukua. Mume wangu, baba ya Annie, vita. Mama mukubwa, vita. Akasoma majina ya kwaya ya kijijini, jina kwa jina, hakuharakisha, na yule shangazi aliyecheka akashusha macho, akafunga kikwembe chake vizuri, maana nani Ituri hana liste kama ile? Halafu akageuza ukurasa, akafika kwetu siye tulio hai. Nikasema Mungu wangu, sasa atatutaja, sasa atasema walijificha. Ningesema mimi! Mimi ningetaja kila mmoja na mlango wake!

"Élise, marraine wangu, iko Butembo, safari ya kazi. Angèle, mutoto wangu wa ubatizo, iko Komanda, barabara ni mbaya." Akawapitia mama wa avenue, mmoja amefiwa, mmoja amekwenda shambani, mmoja ana mgeni. Wote alikuwa amewatengenezea sababu, nzuri, za heshima.

"Adeline, dada yangu, tunaishi ua kwa ua. Alisema atakuja. Iko mugonjwa. Toka Alhamisi iko na homa, hawezi kusimama."

Mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, kamba ya mlango tayari mkononi, nimeshaifungua, nimefuta unga, kiti changu kinanitazama pale safu ya mbele. Nikakumbuka lile neno langu la viazi, siye tuko. Na nisingeweza kuingia! Mgonjwa asiyeweza kusimama, aingie anatembea na miguu yake, mbele ya wakwe? Ningemfanya mwongo siku ya binti yake. Aliniokoa aibu, na kwa neno lile lile akanifungia nje. Hakulijua hilo, au alilijua, sitasema. Nilikaa chini kwenye vumbi nyuma ya matete, nikaweka kikwembe mdomoni nisisikike, maana mgonjwa halii kwa sauti ile.

Muzee Zacharie aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Tumesikia batu yako, mama. Iko mingi." Wakaanza mambo ya mbuzi. Hawakubishana sana. Pale ambapo ndugu wa bibi huwa wanapiga vigelegele, Régine alipiga peke yake, kimoja, kikapanda, kikaishia juu ya mabati. Nilijibu moyoni. Ilifaa nini?

Jumapili baada ya misa nikaenda. Alikuwa anapachika viti kimoja ndani ya kingine, Annie ameshaondoka na watu wake kurudi Mongbwalu. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, njia yenyewe hatua kumi, na yote yakakauka. Aliinua uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinimaliza.

"Unapona?" akaniuliza.

Nikatafuta kwenye uso wake kama ananicheka. Sikuona. "Nimepona, dada," nikasema.

Akaingia ndani. Nikasikia anavuta boksi chini ya kitanda. Akatoka na pakiti moja, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake mmoja mmoja.

"Kunywa. Hii haiko ya kuuza," akasema. "Ni ya mugonjwa."

Akarudi kwenye viti vyake. Mimi nikaenda nyumbani, nikachemsha maji, nikainywa ile chai yote, chungu hivyo hivyo, na sukari ilikuwepo, sikuitia.